Mbio za Mitumbwi za Familia: Sheria na Usalama Mtoni

Kama kijiji chenu kimeamua kufanya mashindano ya mitumbwi ambamo baba, mama, watoto na bibi wanakaa chombo kimoja, jambo la kwanza la kukubaliana si zawadi wala jina la mgeni rasmi. Kubalianeni kwanza kwamba kila sheria itapimwa kwa mtoto mdogo kuliko wote atakayepanda mtumbwi. Urefu wa njia, saa ya kuanza, idadi ya watu chomboni, hata namna ya kumpata mshindi, vyote viulizwe swali moja: mtoto huyu akitumbukia hapa, nani atamfikia, na kwa muda gani? Mkisita kujibu, irudieni sheria hiyo.

Nasisitiza hili kwa sababu tumezoea mashindano ya namna nyingine. Yale ya kupiga makasia katika Ziwa Victoria hukutanisha watu wazima waliokulia majini, wanaojuana nguvu na wanaojua kujiokoa. Ukichukua sheria za mbio zile ukazileta kwenye mbio za familia, mzigo wote unamwangukia mtoto ambaye hakuulizwa.

Mwongozo huu nimeuandika nikiufikiria Mto Rufiji, sehemu ya chini kuanzia Utete hadi Daraja la Mkapa na kuingia delta. Huko mtumbwi bado ni chombo cha kila siku, cha kuvukia, kuvulia na kubebea mpunga. Ukiwa Kilombero, Ruvu au kando ya Mto Tana, mengi yatakufaa, ila wapiga kafi wa kwenu wana la kuongeza. Wakalishe wazee wa mto kabla hujachapisha bango lolote.

Kuchagua siku na kuusoma mto

Rufiji hupokea maji ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, kwa hiyo mvua ya mbali hufika kwenu siku kadhaa baadaye hata kama anga ya kwenu ni nyeupe. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, si wakati wa mbio za watoto hata kidogo. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyofunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti bado watu wanayakumbuka vizuri. Sikukuu ikiangukia miezi hiyo, fanyeni ngoma na mpira wa miguu nchi kavu, mbio zisubiri. Kuanzia Julai hadi Septemba maji hushuka na kutulia. Tarehe 25 Julai, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kuzuia Kuzama Duniani, inaangukia humo humo, na ni sababu nzuri ya kuwaomba watu wa afya na uokoaji waje kufundisha.

Tangu Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa maji Desemba 2022, mto wa chini haufuati mvua peke yake. Unafuata pia mitambo na milango ya bwawa. Wiki ya mashindano, wasiliana na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji na watu wa bwawa uwaulize kama kuna mpango wa kuongeza maji yanayoachiwa. Kisha jithibitishie mwenyewe. Jioni ya kuamkia siku ya mbio chomeka mti kwenye diko, mahali maji yanapogusa mchanga, uukate alama kwa kisu usawa wa maji. Alfajiri nenda uutazame. Maji yakiwa yamepanda shibiri moja juu ya alama, ahirisha bila kuitisha kikao. Mto unaopanda huleta magogo, hubadilisha mkondo na kuchimba kingo, na hakuna anayejua utaishia wapi.

Kasi ya mkondo nayo inapimika bila chombo cha dukani. Pima mita 30 kando ya maji kwa kamba, weka mtu kila mwisho, kisha tupa kifuu cha nazi katikati ya mkondo, si pembeni ambako maji hutembea polepole. Hesabu sekunde. Kifuu kikitumia sekunde 60, mto unakwenda nusu mita kwa sekunde, na familia itaumudu. Kikitumia sekunde 30, mto unakwenda mita moja kila sekunde, maana yake mtu aliyeanguka atakuwa mita 60 chini yako ndani ya dakika moja, na utakuwa hujamaliza kugeuza mtumbwi. Huo ndio mpaka wangu. Ukipita hapo, familia zenye watoto zisiingie majini. Rudia kipimo mahali patatu au panne, hasa kwenye kona, kwa kuwa upande wa nje wa kona maji hukimbia zaidi na ndiko miti iliyoanguka hukaa.

Miti hiyo naiogopa kuliko kina. Mti uliolala majini huruhusu maji kupita katikati ya matawi, lakini humkamata mtu na kumshikilia, na mkondo humsukuma azidi kuingia. Pita njia yote kwa mtumbwi mtulivu siku moja kabla, saa ile ile ya mbio, na upite tena asubuhi yenyewe. Gogo linaloweza kuondolewa liondolewe. Lisiloweza, pindisha njia ilikwepe kwa upana wa mitumbwi mitatu, chomeka mti wenye kitambaa chekundu juu yake, na weka mtumbwi wa uokoaji mahali unapoweza kumdaka mtu kabla hajalifikia.

Kwa wale wa delta, upande wa Nyamisati na visiwani, kuna jambo jingine la kupima: maji kujaa na kupwa. Chagueni siku za maji mafu, bamvua liacheni. Anzeni wakati maji yanajaa, ili atakayechukuliwa na mkondo asukumwe kuelekea bara na si baharini.

Mamba na viboko

Rufiji ina mamba na viboko wengi, na kuna vijiji ambavyo havikosi familia iliyompoteza mtu kwa mamba kwenye maji ya kuchota. Kwa hiyo usimwamini mtu anayekwambia kelele za mashindano zitawafukuza. Kiangazi, maji yanapopungua, wanyama hawa hukusanyika kwenye vilindi vilivyobaki, na kilindi kinachoonekana kimetulia ndicho kinachowapendeza. Wavuvi wanavijua kimoja kimoja. Njia ya mbio isipite juu ya kilindi chochote kati ya hivyo, wala diko la kuanzia au la kumalizia lisiwe karibu navyo. Kama katika sehemu yote ya mto wenu hamwezi kupata kilometa mbili zisizo na vilindi vya namna hiyo, basi mto wenu haufai kwa mbio za watoto. Fanyeni za watu wazima, au hamieni ziwa dogo au bwawa ambalo maofisa wa wanyamapori wamelikagua. Najua uamuzi huu unauma. Ufanyeni hata hivyo.

Waandikieni mapema maofisa wa wanyamapori wa wilaya na wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), muwaombe wapite nanyi njiani na muombe askari awepo siku hiyo. Saa nazo zina maana. Viboko hutoka usiku kula nyasi na hurudi majini alfajiri, na mamba huwinda zaidi jioni na usiku. Anzeni saa tatu asubuhi, mmalize kabla ya saa tano na nusu. Hapo mnakwepa pia jua la utosini na upepo wa mchana unaopandisha mawimbi kwenye maji mapana.

Kiboko akionekana njiani asubuhi hiyo, hata mmoja, mbio zinasimama mpaka aondoke au njia ihamishwe. Mwenye kupita mahali penye shaka apige ubavu wa mtumbwi kwa kafi mara kwa mara ili mnyama ajue kuna chombo, akae upande wa maji mafupi, na asijiweke kamwe kati ya kiboko aliye ufukoni na kilindi chake. Kiboko aliyezibiwa njia ya kurudia majini hasubiri.

Mtumbwi

Mtumbwi wa kuchonga ni mzito na imara, lakini una tabia ya kuyumba, na ukijaa maji haurudi wenyewe. Kagua kila chombo siku mbili kabla, muda wa kurekebisha ukiwa bado upo. Tafuta nyufa kwenye tezi na omo, zizibwe na zikauke. Kisha ujaribu na watu wake wote ndani, kwenye maji ya kiunoni: kati ya maji na ukingo wa mtumbwi ibaki angalau shibiri moja. Ikipungua, mtu mmoja ashuke. Hapa pana ubishi mwingi, kwa kuwa kila familia inataka kuja na watu wengi. Simama kwenye shibiri yako.

Halafu ujaze maji makusudi, hapo hapo kwenye maji mafupi, uone unavyokaa. Unaoelea ukiwa umejaa ni kimbilio kwa waliopinduka. Unaozama funga madumu matupu ya lita 20, moja omo na jingine tezi, vifuniko vimekazwa na kamba imezungushwa mara mbili chini ya kiti. Kila dumu lililozibwa vizuri hubeba uzito wa karibu kilo 20 ndani ya maji, na hayo mawili yatauweka mtumbwi juu wakati watu wameushikilia. Mkia wa kamba ukatwe mfupi. Kamba inayoning'inia ndani ya mtumbwi huzunguka kifundo cha mguu wakati mtumbwi unapinduka, na ndipo ajali ndogo inapogeuka msiba.

Ndani muwe na upo wa kutekea maji uliofungwa kwa uzi, kafi moja ya ziada, na upondo mmoja wa kutumia mkikwama mchangani tu. Watu wakae chini au wapige magoti. Hakuna kusimama, hata kwa bingwa anayevua kwa kusimama mwaka mzima.

Jaketi

Kila anayeingia majini avae jaketi la kuokolea, limefungwa, tangu anapokanyaga diko mpaka anapolikanyaga tena. Asiyelivaa hashindani. Mtu mzima anayejua kuogelea asipewe nafasi ya kubishana, maana ndiye anayetazamwa na mtoto.

Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto. Akianguka nalo, linapanda usoni na yeye anateleza chini. Majaketi ya watoto huandikwa uzito ndani. Soma, kisha mpime mtoto kwa mizani ya zahanati. Ukishamfunga, shika mabega ya jaketi umnyanyue taratibu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, tafuta jingine. Kwa watoto wadogo hakikisha lina mkanda unaopita katikati ya miguu. Kagua vifungo na mishono, na lile lililochanika mpaka sponji likaonekana liweke pembeni. Maboya ya kuchezea ya kupuliza na madumu ya kufunga kifuani si jaketi, kwa sababu hayawezi kuuweka uso wa mtu aliyezimia juu ya maji.

Najua majaketi ni ghali na vijiji vingi havina ya kutosha. Dawa yake si kuyaacha. Pigeni mbio kwa mikupuo. Mkiwa na majaketi ishirini na mitumbwi ya watu wanne, basi mitumbwi mitano inakwenda, inafika mwisho, majaketi yanarudishwa na kukabidhiwa kwa kundi linalofuata, na mshindi anapatikana kwa saa ya mkononi. Mashindano yatachukua asubuhi nzima na watazamaji watafurahi zaidi, kwa kuwa kila kundi litashangiliwa peke yake. Pia mitumbwi mitano majini walinzi wanaweza kuihesabu kwa macho. Kumi na mitano hawawezi.

Watu wa mtumbwi mmoja

Ningependekeza watu wanne, wawili kati yao wakiwa watu wazima wanaojua kuogelea. Mtoto wa chini ya miaka 8 abaki ufukoni, na kila mtoto wa chini ya miaka 12 awe na mtu mzima wake aliyetajwa kwa jina kwenye daftari. Huyo ndiye mshika mtoto. Anaruhusiwa kupiga kafi, lakini mtumbwi ukiyumba sana kazi yake ni moja: anaachia kafi na kumshika mtoto. Wengi watasema baba na mama hawahitaji kuambiwa hilo. Wanahitaji. Katika kishindo cha kupinduka kila mtu mzima hudhani mwenzake amemshika, na sekunde kumi hupita kabla hawajaulizana.

Alasiri ya kuamkia mbio, leteni familia zote kwenye maji mafupi yaliyokaguliwa na askari wakiwa wanalinda. Kila mtoto aanguke kutoka kwenye mtumbwi akiwa na jaketi lake, alale chali, apumzike, kisha aitwe jina na aitikie. Wengine wataogopa mara ya kwanza na kucheka mara ya pili. Atakayelia na kukataa, mwacheni. Atashangilia mwaka huu na kushindana mwakani. Familia isiyokuja kwenye mazoezi haya isipewe namba.

Pombe isiguswe, iwe bia, mnazi au ulanzi, kwa yeyote anayepanda mtumbwi au anayelinda. Aliyeonja asubuhi anatazama. Mwenye kifafa aseme mapema kwa msimamizi, apangiwe kazi ya ufukoni.

Sheria za mbio zenyewe

Njia iwe fupi, isizidi kilometa mbili, iende na mkondo na isiwe na mahali pa kugeuza. Kwenye kugeuza mitumbwi yote hujikuta mahali pamoja kwa wakati mmoja, ubavu ukitazama mkondo, na hapo ndipo migongano hutokea. Mwisho uwe kwenye mchanga wa mteremko mdogo, na chini yake bado kuwe na maji mazuri ya mita 200 kabla ya kona, kwa sababu mtumbwi uliochoka haufungi breki.

Mitumbwi ianze ikiwa imeshikwa tezi na wasaidizi, ikiachana kwa nafasi ya makafi mawili. Mwanzo utolewe kwa bendera. Filimbi zihifadhiwe kwa hatari peke yake: filimbi tatu maana yake kila mtu anaacha kupiga, anainua kafi juu na kusikiliza. Mtoto anaielewa sheria hii kwa kusikia mara moja, mradi siku hiyo filimbi haijapulizwa kwa mchezo. Mwombeni mwenye spika naye asipige muziki wakati mitumbwi iko majini.

Anayepita ndiye anayekwepa; aliye mbele aende njia yake bila kumzibia. Kumgusa mwenzako kwa kafi, kuushika mtumbwi wake au kumrushia maji ni kutolewa.

Kisha kuna sheria mbili ambazo ningeziandika kwa herufi kubwa kwenye ubao. Ya kwanza: mtumbwi unahesabiwa umefika pale tu watu wote walioanza wamo ndani na majaketi yao yamefungwa. Mwenye kumwacha mtu nyuma, hata kama ameokolewa salama na wengine, hajamaliza. Ya pili: anayesimama kumsaidia mwenzake hapotezi kitu. Waamuzi walio kando ya njia wanaandika muda aliosimama, na unaondolewa kwenye saa yake. Anayepita mtu aliye majini bila kusimama anatolewa, hata akifika wa kwanza. Si jambo geni. Kanuni za kimataifa za mbio za mashua za tanga zinamtaka kila mshindani ampe msaada wote anaoweza mtu aliye hatarini. Watu hushindania kile kinacholipwa. Mkilipa kusaidiana, watasaidiana.

Zawadi igaweni kwa wengi: familia iliyopiga kafi kwa pamoja vizuri, bibi au babu mkubwa kuliko wote, mtumbwi uliotunzwa vyema. Kitita kikubwa cha fedha kwa mshindi mmoja huwafanya wazazi wapakie watoto kwenye mtumbwi uliopasuka.

Amri ya kusimamisha au kufuta mbio iwe ya mtu mmoja, anayeujua mto, ambaye hana ndugu anayeshindana na hakutoa fedha ya mashindano. Neno lake lisijadiliwe siku hiyo. Na jambo hili liandikwe kwenye barua ya mwaliko: mgeni rasmi akichelewa, mbio zinaanza saa tatu. Mara ngapi tumewaona watoto wakisubiri juani kutwa, kisha shughuli ikaanza mchana, upepo umeshaingia na kila mtu ana haraka? Hotuba inaweza kusubiri chini ya mwembe mpaka jioni. Ngurumo ikisikika, wote watoke majini na wakae nje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Mtumbwi ukipinduka

Wafundishe wote maneno haya kabla: shika mtumbwi, ita majina. Mshika mtoto anamtafuta wake, mwingine anaita kila jina kwa sauti mpaka aitikiwe. Kaeni upande wa mtumbwi ambako maji yanatoka, kwa kuwa mtumbwi uliojaa maji ukisukumwa na mkondo unaweza kumbana mtu kwenye gogo. Aliyeachana na mtumbwi alale chali, miguu mbele, vidole vya miguu juu ya maji, aelee akielekea ufukoni kwa mshazari. Asijaribu kusimama kwenye maji yanayokimbia na kuzidi magoti. Mguu ukinasa kwenye mizizi, mkondo utamlaza kifudifudi. Akiona anasukumwa kwenye mti uliolala na hana pa kukwepea, ageuke kifudifudi, aogelee kwa nguvu kuuelekea, na apande juu ya matawi asiingie chini yake.

Mwokoaji naye asiwe wa pili kuzama. Aanze na kumfikishia upondo. Ikishindikana amrushie kamba yenye dumu la lita tano lililofungwa, ndani yake maji kidogo tu ili liruke mbali. Ikishindikana amfuate kwa mtumbwi. Kuogelea kumfuata mtu ni hatua ya mwisho kabisa, kwa aliyefundishwa na mwenye kitu cha kuelea mkononi. Mfa maji haishi kutapatapa, na atamkumbatia yeyote anayemfikia mikono mitupu. Mitumbwi ya uokoaji iwe angalau miwili, ikae chini ya mahali pa hatari na si juu yake, kwani aliyeanguka anakwenda na maji. Ikiwa mmoja una injini, izimwe kabla haujamfikia aliye majini.

Aliyetolewa majini asipopumua, usimning'inize kichwa chini wala usimkamue tumbo ili atoe maji. Nimeona watu wazuri, wenye nia njema, wakipoteza dakika za thamani hivyo. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi tano kifua kikipanda kila mara. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukishuka sentimita tano hadi sita kwa mtu mzima na theluthi ya kina cha kifua kwa mtoto. Pumzi mbili, mibonyezo 30, hivyo hivyo bila kuchoka, huku mwingine akipiga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji au 112. Gari lenye dereva liwe limeegeshwa diko la mwisho tangu asubuhi, na dereva ajue ni kituo gani cha afya chenye oksijeni. Aliyezinduka naye apelekwe, hata kama anaongea na kutaka soda. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye.

Watazamaji

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Hao si washindani. Kwenye siku kama hii, mtoto wa umri huo yuko ufukoni, na kila jicho liko kwenye mitumbwi. Hapigi kelele. Mdomo wake unashuka na kupanda usawa wa maji, mikono ikisukuma chini, na mtu aliye hatua tatu pembeni anadhani anacheza. Kwa hiyo wekeni walinzi wa ufuko ambao kazi yao ni kutazama maji ya pembeni na kuyapa mgongo mashindano. Wabadilishwe kila nusu saa ili nao waone mbio. Zungusheni kamba mita tano kutoka ukingoni, mbali zaidi mahali kingo zinapomong'onyoka, kwani kingo za mchanga za Rufiji hukatika kipande kizima kikiwa na watu juu yake.

Mahali pa kupanda na kushuka pasiwe na magugu na maji yaliyosimama. Humo ndimo hukaa konokono wa kichocho, na vijidudu vyake hutoka kwa wingi karibu na saa za mchana. Wote walioingia majini wajifute mara watokapo, na atakayekojoa damu wiki au miezi baadaye aende zahanati. Dawa yake ipo.

Mkupuo wa mwisho ukifika, msimamizi asome daftari, jina moja moja, kila mtu aitikie kwa sauti yake mwenyewe na si kwa kuitikiwa na ndugu. Mitumbwi yote ivutwe nchi kavu, makafi yakusanywe, ili watoto wasirudi kuichezea wakati wakubwa wanakula. Mitumbwi ya uokoaji itoke majini baada ya hapo, na pilau igawanywe baada ya hiyo kutoka. Majaketi yaanikwe kivulini, maana jua huyala haraka, na yaliyoazimwa yarudishwe yakiwa makavu. Yaliyotokea siku hiyo, hata mtumbwi ulioyumba tu bila kupinduka, yaandikwe kwenye daftari lile lile pamoja na mahali na saa, kwa ajili ya watakaoandaa mwakani.